MWENYE NYUMBA SI MWENYE ARDHI: LUGHA YA KUTAFUTA NA KUPANGA NYUMBA KATIKA MOMBASA BARA

Ikisiri

Makala hii inachunguza maneno na mazungumzo yanayotumika mtu anapotafuta chumba au nyumba ya kupanga katika Mombasa bara, yaani Likoni, Kisauni, Changamwe na vitongoji vyake. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa Kiswahili wa upangaji umehifadhi maarifa ya mila na sheria ambayo mpangaji akiyapuuza anaweza kupoteza fedha na makazi. Mfano mkubwa ni istilahi "mwenye nyumba", ambayo katika madarasa ya tafsiri hufundishwa kana kwamba ni sawa na "landilodi". Makala inaonyesha kwamba katika pwani ya Kenya maneno hayo mawili hayalingani, na kwamba tofauti hiyo ina uzito katika maisha ya watu. Mwishoni panapendekezwa namna mada hii inavyoweza kufundishwa.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Methali hii kwa kawaida hufasiriwa kwa maana ya mafumbo, kwamba siri za watu wanazijua wenyewe. Lakini kwa kijana aliyeshuka Mombasa na barua ya kazi mfukoni, methali hii ni kweli tupu, isiyohitaji fumbo. Anaingia nyumba ambayo hakuijenga, ya mtu asiyemjua, juu ya kiwanja ambacho pengine si cha huyo anayempa ufunguo. Ila za nyumba hiyo atazijua akishalala ndani, na wakati huo fedha zake zitakuwa zimekwisha kupokewa.

Idadi ya watu yenyewe inaeleza kwa nini suala hili ni zito. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kati yao, Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 154,171 tu. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, walikuwa bara: Kisauni watu 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Kwa maneno mengine, kati ya kila watu 10 wa Mombasa, zaidi ya 8 hulala ng'ambo ya kisiwa, ilhali ofisi nyingi, masoko makuu na sehemu kubwa ya shughuli za mji bado ziko kisiwani au kandokando ya bandari ya Kilindini. Kutafuta nyumba Mombasa, basi, ni kutafuta nyumba bara, na kila upande una kivuko chake. Kisauni hupitia daraja la Nyali, Changamwe hupitia Makupa, na Likoni hutegemea feri. Mwenye kupanga Likoni huenda akapunguziwa kodi, lakini foleni ya feri ataifanyia hesabu kila asubuhi.

Wataalamu wa mipango miji, historia na uchumi wameandika mengi kuhusu makazi ya Mombasa. Kitabu cha Richard Stren cha mwaka 1978 kuhusu makazi ya maskini wa mji huu ni miongoni mwa kazi zinazojulikana zaidi. Wanafunzi wa Kiswahili, kwa upande wao, wamelitazama suala hili kwa nadra, ingawa shughuli yote ya kutafuta nyumba hufanyika kwa Kiswahili tangu hodi ya kwanza mpaka ufunguo wa mwisho. Makala hii inajaribu kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo.

2. Usuli: kutoka kisiwani hadi bara

Upangaji wa vyumba Mombasa haukuanza jana. Bandari na reli zilipoanza kuvuta vibarua kutoka bara na kutoka miji ya pwani, wengi wa wageni hao walipata malazi katika nyumba za Waswahili, hususan mitaa ya Majengo kisiwani. Mwenye nyumba alijenga nyumba ya udongo na makuti, baadaye mabati, akaishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Nyumba hiyo ndiyo inayoitwa hadi leo "nyumba ya Kiswahili". Ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma wenye jiko, choo na mahali pa kuogea. Umbo hili, lililokusudiwa familia moja pana, likageuka kuwa nyumba ya familia tano au sita zisizo na nasaba, kila moja na mlango wake ukumbini.

Kodi ya chumba ilikuwa suala la kisiasa tangu wakati wa ukoloni. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, malipo ya nyumba yalikuwa miongoni mwa madai yao. Mgomo mkuu wa Januari 1947 nao ulitokana na ugumu wa maisha mjini, na kodi ilikuwa sehemu ya ugumu huo. Mshahara wa kibarua ulipimwa kwa yale aliyobaki nayo baada ya kumlipa mwenye nyumba.

Kisiwa kilipojaa, mtindo huohuo wa kujenga na kupangisha ulivuka maji. Katika Kisauni, mashamba ya minazi yaligeuka mitaa, kuanzia Mishomoroni mpaka Mtopanga na Bamburi. Katika Changamwe, jirani ya bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi hiyo hadi mwaka 2013, mitaa ya Chaani, Magongo na Port Reitz ilipokea wafanyakazi na jamaa zao. Likoni, Mtongwe na Shika Adabu zikapokea waliotaka kodi nafuu na walio radhi kuvuka. Leo nyumba ya Kiswahili imepakana na fleti za ghorofa nne au tano, lakini msingi wa mambo mengi ulio chini ya fleti hizo ni uleule uliokuwa chini ya makuti. Msingi huo ndio unaojadiliwa katika sehemu inayofuata.

3. "Mwenye nyumba" na "mwenye ardhi"

Neno "landilodi" linatumika sana mjini, na halina kosa kama neno la mkopo. Kosa hutokea pale linapochukuliwa kuwa kisawe kamili cha "mwenye nyumba". Katika Kiingereza, neno hilo limejengwa juu ya ardhi: bwana wa ardhi. Kanuni ya sheria ya Kiingereza ni kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Kwa hiyo anayeimiliki ardhi anaimiliki nyumba, na lugha ina haki ya kutumia neno moja.

Kiswahili kimejenga neno lake juu ya kitu kingine. Kiambishi cha umilikaji -enye kimeambatanishwa na nomino "nyumba", hakikuambatanishwa na "ardhi". Mwenye nyumba ni mtu mwenye nyumba, basi. Neno halisemi lolote kuhusu udongo ulio chini ya nyumba hiyo. Huenda msomaji akadhani kwamba hii ni bahati tu ya uundaji wa maneno. Hata hivyo, katika pwani ya Kenya umilikaji umekuwa ukigawanywa hivyo hivyo. Kwa desturi ya Waswahili, ikisaidiwa na fikra za sheria ya Kiislamu, mtu anaweza kumiliki mnazi katika shamba la mwingine, au nyumba juu ya kiwanja cha mwingine. Mwenye mnazi huangua nazi zake, mwenye shamba hubaki na shamba lake, na kila mmoja anajua mpaka wa haki yake.

Serikali ya kikoloni ilipoleta Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 kwa ajili ya ukanda wa pwani, watu walitakiwa kuwasilisha madai yao ili waandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wenye elimu ya mambo hayo na wenye uwezo walipata hati, na wengi waliokaa kwa mazoea walibaki bila kitu. Hata hivyo, sheria hiyo haikuweza kuifuta desturi ya kale. Iliacha nafasi ya kuandikwa kwamba miti au majengo yaliyo juu ya ardhi fulani ni ya mtu mwingine. Kutokana na historia hiyo ndipo Mombasa ikawa na utaratibu unaojulikana kama "nyumba bila ardhi": mtu anajenga kwa idhini ya mwenye ardhi, analipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na nyumba inabaki kuwa yake. Mahakama za Mombasa zimeshughulikia kesi nyingi za namna hii na kuutambua utaratibu huo, ingawa si rahisi kuuingiza katika mantiki ya sheria ya Kiingereza.

Hapa ndipo mpangaji wa chumba anapopaswa kusimama na kufikiri. Katika nyumba bila ardhi, kuna watu watatu katika ngazi moja. Juu yupo mwenye ardhi. Katikati yupo mwenye nyumba, ambaye kwa mwenye ardhi naye ni mpangaji. Chini yupo mpangaji wa chumba. Mpangaji anaweza kulipa kodi yake tarehe mosi bila kukosa hata mwezi mmoja, na bado akajikuta nje, kwa sababu aliye juu yake hakulipa kodi ya kiwanja, au kwa sababu mwenye ardhi ameuza na mnunuzi anataka kujenga fleti. Mpangaji hakukosa. Haki yake imesimama juu ya haki ya mwingine, na ya chini ikibomoka, ya juu haina pa kusimama.

Likoni inatoa mfano unaojulikana nchini kote. Shamba la ekari 930 lililoitwa shamba la Waitiki lilikaliwa na watu baada ya machafuko ya mwaka 1997, na kwa takriban miaka 20 watu walijenga na kuishi juu ya ardhi ambayo hati yake ilikuwa na jina la mtu mwingine. Serikali iliinunua ardhi hiyo na Januari 2016 wakaaji wakaanza kupewa hati. Kwa miaka yote hiyo, palikuwa na wenye nyumba wasio wenye ardhi. Aliyetumia neno "landilodi" kwa watu hao alisema uongo bila kukusudia. Aliyesema "mwenye nyumba" alisema kweli, pengine bila kujua usahihi wa kauli yake.

4. Kupanga, kupangisha na vitenzi visivyo na mtenda

Kitenzi "panga" chenye maana ya kukaa kwa kodi kina mnyambuliko unaofundisha. Anayetaka chumba "hupanga", na mwenye chumba "hupangisha". Kiambishi cha usababishi -ish- humweka mwenye nyumba katika nafasi ya anayewezesha tendo: bila yeye kupangisha, mwingine hapangi. Wasemaji wa kila siku huchanganya viwili hivi, na katika vibao vya kuandikwa kwa mkono mtu husoma "chumba cha kupanga" mahali ambapo mwingine angeandika "chumba cha kupangisha". Kisarufi vyote vinaeleweka. Cha kwanza kinamtazama mhitaji, cha pili kinamtazama mwenye mali.

Jozi "kodi" na "kodisha" inafanana na hiyo, ila nomino "kodi" imebeba mzigo wa ziada, kwani ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwa ushuru wa serikali. Pwani pana neno jingine, "ijara", lililotoka Kiarabu na lenye maana ya ujira au malipo ya kutumia kitu. Ijara inaashiria mapatano ya watu wawili, ilhali kodi inaashiria amri ya aliye juu. Si bure kwamba mpangaji wa leo aliyechelewa kulipa hujisikia kama mkosaji mbele ya dola, wala si kama mtu aliyekawia kutimiza upande wake wa makubaliano.

Jambo la tatu ni wingi wa kauli ya kutendwa. Chumba "kimechukuliwa". Pesa za kuonyeshwa nyumba "hutolewa kwanza". Mpangaji "ameambiwa ahame". Katika sentensi hizi mtenda hayuko. Nani amechukua? Hutolewa kwa nani? Ameambiwa na nani, na kwa mamlaka gani? Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa kwamba mtenda anaweza kuachwa iwapo hajulikani au si muhimu. Katika upangaji, mtenda huachwa hasa pale ambapo kumtaja kungeleta swali.

5. Mazungumzo ya kuomba chumba

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata mwendo wa kawaida wa mahojiano ya namna hii katika nyumba ya Kiswahili. Anayezungumza kwanza ni kijana mtafutaji, na wa pili ni mama mwenye nyumba aliyeketi barazani.

— Hodi! Shikamoo, mama.
— Marahaba, mwanangu. Karibu.
— Ahsante. Nimeelekezwa na fundi wa pale njia panda, kwamba hapa pana chumba.
— Chumba kipo. Wewe watoka wapi?
— Natoka Voi, mama. Nimepata kazi bandarini.
— U peke yako, au una watu?
— Nina mke na mtoto mmoja. Watakuja mwezi ujao.
— Haya, vyema. Chumba ni hiki. Choo ni cha shirika, maji ni ya kisima. Kodi hulipwa mbele.

Mambo kadhaa yanajitokeza. Kwanza, kijana hakuanza kwa bei. Ameanza kwa heshima na kwa kumtaja mtu aliyemwelekeza, kwani jina la mjumbe ndilo barua ya utambulisho. Pili, mwenye nyumba ndiye anayeuliza maswali, na maswali yake hayahusu mshahara. "Watoka wapi" na "una watu" yanatafuta nasaba na tabia: atakayelala ukumbi mmoja na wanawe ni mtu wa namna gani? Swali la kwanza lina upande wake wa giza pia. Baada ya machafuko ya mwaka 1997 huko Likoni, watu wa bara walipofurushwa kwenye makazi yao, swali "watoka wapi" halikuwa salamu tu. Mchambuzi wa lugha hana budi kukumbuka kwamba sentensi ileile inaweza kuwa ukarimu siku moja na kizuizi siku nyingine.

Tatu, tazama "kodi hulipwa mbele". Kiambishi hu- cha mazoea hakina nafsi. Mama hakusema "utanilipa mbele", kauli ambayo ingejibiwa "naomba nilipe nusu kwanza". Amesema jambo hilo kama desturi ya ulimwengu, na desturi haijadiliwi bei. Umahiri wa mwenye nyumba uko hapo, na umahiri wa mpangaji ni kujua kwamba nyuma ya hu- kuna mtu anayeweza kuombwa.

Nne, kuna swali ambalo halikuulizwa. Kijana ametazama chumba, amesikia habari ya choo na maji, na hakuuliza kiwanja ni cha nani. Wengi hawaulizi, kwa sababu linaonekana kama ushushushu au utovu wa adabu. Lakini lugha ina njia ya adabu: "Mama, kiwanja ni chenu wenyewe au mwalipia?" Swali hilo fupi, likiulizwa kwa sauti ya mtoto kwa mzazi, halimdhalilishi mtu. Mwenye nyumba bila ardhi aliye mwaminifu hataona haya kujibu, kwa kuwa hali yake si aibu bali ni desturi ya mji. Na jibu lake linaweza kuthibitishwa. Upekuzi katika ofisi ya msajili wa ardhi utaonyesha mwenye ardhi, lakini hauonyeshi daima mwenye nyumba. Kwa hiyo stakabadhi za kodi ya kiwanja ambazo mwenye nyumba amekuwa akilipa ndizo ushahidi wa karibu zaidi kwamba ngazi ya katikati haijavunjika.

6. Fedha za mwanzo: arubuni, amana, dhamana na kilemba

Ushindani wa nyumba unapokuwa mkali, fedha zinazotangulia huongezeka. Kwa lugha ya mtaani zote huitwa "dipoziti", na ndani ya neno hilo moja migogoro mingi imejificha. Kiswahili kina maneno manne yanayotenganisha vitu vinne.

Arubuni ni fedha ya kufunga mapatano. Anayeitoa anataka chumba kisipewe mwingine, na akibadili nia mwenyewe, kwa desturi haimrudii. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu aitunze, naye hana haki ya kuitumia kama yake, kwani mwenyewe akiitaka hurudishiwa. Dhamana ni fedha au mtu anayesimama badala ya hasara: kioo kikivunjika au mwezi wa mwisho usipolipwa, hasara hufidiwa kutoka humo, na kilichobaki hurudishwa. Kilemba ni fedha anayopewa mwenye nyumba ili akubali tu kumpokea mpangaji. Haihesabiwi katika kodi wala hairudi. Wahindi walio na desturi hiyo hiyo huiita pagri, na maana ya msingi ya pagri ni kilemba cha kichwani.

Sasa tuchukue mpangaji aliyetoa "dipoziti ya mwezi mmoja". Akihama, yeye anadai, kwa kuwa moyoni aliweka amana. Mwenye nyumba anakataa, kwa kuwa moyoni alipokea kilemba. Kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Ugomvi huo ungepungua iwapo siku ya kwanza kungetamkwa neno moja badala ya jingine, na likaandikwa. Mtafutaji wa nyumba hahitaji kuwa mwanasheria ili aulize: "Hii ni dhamana itakayorudi, au ni kodi ya mwezi wa mwisho?" Swali hilo linailazimisha lugha kusema kitu kimoja.

Pana pia dalali, ambaye siku hizi hujiita ajenti. Kazi yake ni ya kale na halali, na sheria ya Kenya ya mawakala wa nyumba inawataka wenye kuifanya wasajiliwe. Tatizo ni dalali wa njiani anayepokea ada ya kuonyesha chumba ambacho hakina idhini ya mwenyewe. Kanuni ya busara ni kwamba fedha ya chumba isitoke mkononi kabla mtafutaji hajaonana na mwenye nyumba au mwakilishi anayejulikana na wapangaji waliomo. Wapangaji waliomo ndio kamusi ya nyumba hiyo. Wao watasema kama maji ya kisima ni ya chumvi, kama umeme hukatika, na kama dhamana ya aliyehama juzi ilirudi.

7. Maandishi na sheria

Methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari haikutungwa kwa wafanyabiashara pekee. Mpangaji anayelipa mkono kwa mkono bila stakabadhi hana la kuonyesha siku ya shauri. Aliyelipa kwa simu ana alama fulani, lakini ujumbe wa simu unaonyesha fedha zilikwenda kwa nani, hauonyeshi zilikuwa za nini. Stakabadhi njema hutaja jina la mpokeaji, chumba, mwezi na aina ya malipo: kodi, dhamana au arubuni.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ilikusudiwa kumlinda mpangaji mdogo. Inakataza kupandisha kodi ovyo, inakataza kudai kilemba, na inamtaka mwenye nyumba apate amri ya baraza la kodi kabla ya kumtoa mpangaji. Lakini sheria hiyo iliwekewa kikomo cha nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kilipowekwa kilifunika watu wengi, ila bei za fleti za mjini zilikipita zamani. Aliye juu ya kikomo hutegemea mkataba wake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na mahakama. Ndiyo maana maneno ya mkataba yana thamani kubwa zaidi kwake.

Na mkataba huo, mara nyingi, umeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na katika Kifungu cha 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Watu wawili wa Mtongwe waliopatana kwa Kiswahili, wakatiliana saini karatasi ya Kiingereza iliyonakiliwa kutoka kwingine, wamehama kutoka lugha inayotofautisha nyumba na ardhi wakaingia katika lugha isiyotofautisha. Karatasi inamwita mama wa barazani bwana wa ardhi, cheo ambacho mwenyewe hajawahi kujipa.

8. Mada hii darasani

Mwalimu wa isimujamii, tafsiri au fasihi anaweza kuitumia mada hii kwa njia nyingi. Katika tafsiri, wanafunzi wapewe mkataba wa upangaji wa Kiingereza waufasiri kwa ajili ya nyumba bila ardhi, kisha waone ni wapi neno moja litahitaji mawili. Katika sarufi, wachunguze vibao na matangazo ya nyumba na kuainisha kauli za kutendwa zisizo na mtenda. Katika fasihi, wasome upya riwaya na tamthilia zenye wahusika wanaoishi vyumba vya kupanga na kuuliza: mwandishi amempa mwenye nyumba uwezo gani, na nani asiyetajwa yuko juu yake?

Maswali ya kujadili:

(a) Eleza tofauti ya maana kati ya arubuni, amana, dhamana na kilemba. Je, jamii unayotoka ina maneno mengine kwa dhana hizi?
(b) "Kiambishi hu- huficha mapatano." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano mitano kutoka mazungumzo ya biashara.
(c) Tunga mazungumzo ambamo mpangaji anamwuliza mwenye nyumba habari za kiwanja bila kuvunja adabu.

9. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba msamiati wa upangaji katika Mombasa bara haukukusanywa ovyo. Umebeba historia ya mashamba ya minazi, ya Majengo, ya sheria ya mwaka 1908 na ya bandari iliyovuta watu kuliko nyumba zilizokuwapo. Imeonyeshwa pia kwamba kuyaacha maneno hayo na kushika neno moja la mkopo kunafuta tofauti ambazo mpangaji anazihitaji siku ya shida.

Kijana wa mfano wetu bado amesimama barazani na kodi ya mwezi mkononi. Kabla hajaitoa, anahitaji majibu ya maswali matatu: nyumba ni ya nani, ardhi ni ya nani, na fedha hii inaitwaje? Yote matatu yanaulizika kwa Kiswahili cha kila siku, na kwa adabu. Nyumba njema si mlango, na anayetaka kuijua kabla ya kulala ndani hana ufunguo ila kuuliza.